Damu ya Saa Mbili

"Kama kweli unampa dawa, Hortensia, mbona mumeo anakufa?"

Swali hilo liliulizwa juu ya ukuta wa ua, siku gari la wagonjwa lilipomchukua Oreste Pighín. Aliyeuliza ni jirani, Bi Ofelia, mwenye ulimi mwepesi na moyo usio na ubaya. Lakini neno la uani halina mlango. Kufikia jioni lilikuwa limemfikia wifi yake Hortensia, Zulma, naye Zulma hakuzaliwa kulala na neno tumboni. Kulipokucha akalibeba hadi kituo cha polisi cha Concordia, mkoani Entre Ríos, Argentina, na likiwa njiani likaota meno: mke wa kaka yangu anauza dawa za kaka yangu.

Siku ya nne, Alhamisi, saa moja asubuhi, faili lilikuwa mbele ya Inspekta Nélida Gareis. Alilisoma mara mbili. Mara ya pili alisoma amesimama.

Oreste alikuwa amepiga msasa mbao za mkaratusi kwa miaka ishirini na sita, na vumbi likamgeuza mapafu kuwa kama ganda la kibuyu. Mwaka mmoja na miezi mitatu iliyopita, hospitali moja ya Buenos Aires ilimpandikiza mapafu ya marehemu. Sasa mwili haujui zawadi; ukiona kitu cha mwingine ndani yake huona mvamizi. Ndiyo maana Oreste alipaswa kumeza vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku ya Mungu, ili askari wa mwili walale. Vikipungua, askari wanaamka na kuyala mapafu. Vikizidi, figo zinaharibika, na hata mafua ya mtoto yanaweza kumuua mtu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili damu yake ilipimwa huku huku Concordia, na majibu yakatumwa hospitali.

Na sasa askari walikuwa wameamka. Oreste alilala mahututi huko Buenos Aires na bomba kooni. Damu aliyofika nayo hospitali karibu haikuwa na dawa kabisa, na daktari mmoja aliandika kwenye faili maneno matatu: mgonjwa hafuati dawa.

Nélida alimpigia simu daktari huyo, Irigoitia.

"Leo saa sita mchana kamati inakaa," alisema daktari. "Tunaamua kama anarudi kwenye foleni ya mapafu mengine."

"Na mwenye maneno haya kwenye faili?"

"Hana foleni. Inspekta, mapafu hayaoti mitini. Nikimpa mtu asiyemeza dawa, nimemnyima anayemeza."

"Daktari, ulimwuliza mkewe?"

"Nilimwuliza kama alimpa dawa. Akasema ndiyo. Wote husema ndiyo. Lakini tazama majibu ya Concordia: vipimo vitano mfululizo dawa iko juu mno, tukawa tunapunguza. Kisha anafika hapa, hamna kitu. Nimeshayaona haya. Mtu hamezi wiki nzima, siku ya kipimo anameza maradufu ili aonekane mwema."

Nélida akakata simu. Mtu alikuwa amehukumiwa kwa mazoea ya wengine, na hukumu ingetekelezwa saa sita.

Zulma alikuwa kwenye benchi la kituo, amevaa nguo ya kanisani.

"Nimekuja kusikia mmefikia wapi," alisema. "Yule mwanamke amewekwa ndani?"

"Umemwona kwa macho yako akiuza dawa?"

"Macho ya nini, Inspekta? Mtu mwenyewe anajificha. Tangu kaka arudi, hatupewi hata mate, chai yetu ya majani ya kunyonya kwa mrija. Umewahi kuona wapi, mtu wa Entre Ríos anakuja kwa ndugu yake anapokelewa na maji ya bomba? Kaka ana kibuyu chake na mrija wake, vimefungiwa kabatini kama kikombe cha misa! Sisi tuna ukoma?"

"Mdomo wako ukigusa mrija, na wake ukiugusa, mafua yako yanakuwa yake. Aliambiwa hospitali."

"Basi na balungi je? Hospitali walikataza balungi, linachafua hiyo dawa. Na kwao kuna mbalungi uani, mti wa baba yake Hortensia. Nenda kauulize huo mti!"

"Nitaenda kuuona huo mti," alisema Nélida. "Nikirudi nisikukute hapa."

Nyumba ya kina Pighín ilinuka dawa ya kufulia. Hakukuwa na zulia wala ua kwenye chungu, kwa kuwa udongo wa chungu hufuga ukungu, na ukungu ukiingia kwenye mapafu ya namna ile hautoki. Hortensia alifungua mlango akiwa amevaa barakoa, kwa mazoea tu, maana wa kumlinda hakuwepo. Mwanamke mwembamba, mikono imepauka kwa sabuni.

"Umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Nimekuja kuona mbalungi."

Hortensia alimpeleka uani bila maneno. Palikuwa na kisiki, kipana kama sinia, kimekatwa kwa shoka na mtu asiyejua kushika shoka.

"Baba aliupanda nilipozaliwa," alisema. "Siku tuliyorudi kutoka hospitali niliukata. Oreste alikuwa anapenda kuchuma mawili kabla ya chai. Nikaona, siku moja atasahau."

Nélida alikitazama kisiki.

"Nionyeshe dawa."

Hortensia alileta bati la biskuti na daftari la shule. Ndani ya daftari, kila siku ina mstari wake: saa ya kidonge asubuhi, saa ya kidonge usiku, joto la mwili, uzito, na namba ya pumzi, ile Oreste aliyopuliza kwenye kifaa cha hospitali kila akiamka. Mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, mkubwa, wa kukandamiza. Nélida alichunguza kama daftari zima liliandikwa kwa mkupuo mmoja. Hapana. Kalamu zilibadilika. Ukurasa mmoja ulikuwa na doa la mafuta, mwingine umekunjamana kwa maji, pembeni pameandikwa *paa limevuja*. Na namba ya pumzi iliteremka taratibu, wiki kwa wiki, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Uliwaambia hospitali namba inashuka?"

"Mara tatu. Wakasema damu yake ina dawa tele, labda ni mafua. Wakaniambia nipunguze tena."

Dozi nayo iliteremka daftarini: vinne, vitatu, viwili, kimoja. Kila palipopungua pameandikwa tarehe na jina la aliyepiga simu kutoka hospitali.

"Vidonge vilivyobaki kila walipopunguza, uliviweka wapi?"

"Humo."

Nélida alivimwaga juu ya kitambaa safi akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Alichukua karatasi za duka la dawa la serikali zilizokuwa humo batini, akajumlisha vilivyotolewa, akatoa vilivyoandikwa daftarini. Vilipaswa kubaki mia mbili na sita. Alihesabu mara ya pili. Mia mbili na sita.

"Ningekuwa mwizi," alisema Hortensia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na makali, "ningeanza na hivi ambavyo hakuna anayevidai."

Hapo hadithi ya daktari ilivunjika. Aliyekuwa akiruka wiki nzima angebaki na vingi. Aliyekuwa akiuza angebaki na pungufu. Oreste alimeza kila alichoandikiwa. Balungi nalo Nélida alilitoa: alimpigia Irigoitia tena pale pale, naye akasema balungi hupandisha dawa mwilini, halishushi, na hata hivyo mti ulikuwa kisiki. Basi ilikuwaje damu moja iwe imejaa dawa Concordia, na tupu Buenos Aires?

"Daktari, kabla hujakata," alisema Nélida. "Hiyo damu huchukuliwa wakati gani?"

"Asubuhi kabla ya kidonge. Tunataka kujua kimebaki kiasi gani cha kile cha usiku. Ukichukua baada ya kumeza, unapima kidonge kipya, inaonekana imefurika. Lakini hilo wanalijua. Angalia majibu, muda upo: saa mbili kamili. Mara zote."

Nélida alimgeukia Hortensia.

"Mama, siku ya damu. Nisimulie tangu mnaamka. Usiruke kitu."

"Tunaamka saa kumi na mbili. Anapuliza. Namwandikia. Zamani mtu wa damu alikuja kabla ya saa mbili; mara ya kwanza alipochelewa, nilisubiri kama nilivyofundishwa. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Hospitali walisema saa ya kidonge isivuke. Na walisema nisimpe kabla ya damu. Nikawa kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili. Nikapiga simu maabara. Akapokea Daktari Fermín mwenyewe, mwenye maabara."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, mpe kidonge, mama, usijisumbue. Mtu wangu akifika atachukua. Damu ni damu."

"Na tangu siku hiyo?"

"Nampa saa mbili. Kama alivyosema daktari." Alitazama usoni pa Nélida, na rangi ikamtoka. "Inspekta. Nilikosea?"

"Mtu wa damu alifika saa ngapi?"

"Sijui kwa saa. Baada ya rozari. Ofelia hufungua redio kwa sauti, tunasali naye kupitia ukutani. Huja ikiisha. Inspekta, nijibu. Nilikosea?"

"Mbona hukumwambia yeyote?"

"Nani aliniuliza saa? Mmeniuliza kama ni mwizi."

Nélida alitazama saa yake. Rozari ya redio huanza saa nne. Alimshika Hortensia mkono. "Vaa viatu. Twende."

Jikoni kwa Bi Ofelia birika lilikuwa linaanza kuimba. Rozari ilikuwa kwenye fungu la mwisho. Bi Ofelia alimwona Hortensia akataka kuficha uso nyuma ya kitambaa cha meza.

"Bi Ofelia, hilo birika ni la nani?" aliuliza Nélida.

"La Wenceslao, mtu wa damu wa maabara, mwanangu. Leo Alhamisi, siku yake ya mzunguko. Huyu bwana hapiti bila kuketi. Hapa anakunywa mate yangu, na kabla ya hapa huketi kwa kina Schimpf, na kabla ya hapo kwa yule mjane wa reli. Mtu aamke na baridi, azunguke na sindano zake bila hata kukaribishwa? Tungekuwa wanyama." Akacheka kidogo. "Akitoka hapa ndipo huenda kwa hawa, kwa kuwa huko hapewi kitu."

Pikipiki ilizimika nje. Aliingia mwanamume wa miaka hamsini na kitu, sharubu za mvi, boksi la baridi begani.

"Salamu nyumba hii! Ofelia, mpenzi wa uzee wangu, maji yako yasichemke, yataunguza ..." Aliona sare. Akaona Hortensia.

"Keti, bwana Wenceslao," alisema Nélida. "Kunywa. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne na … na nusu, mkuu. Karibu."

"Fungua boksi."

"Lina joto lake maalumu, mkuu, siruhusiwi …"

"Fungua boksi, au nilifungue mimi na wewe nikufunge."

Chupa zilikuwa zimepangwa, kila moja kwenye kitundu chake, tano zenye damu, nne tupu. Nélida alivaa glavu. Aliinua chupa moja tupu, safi, kavu kama siku iliyotoka kiwandani. Juu yake palikuwa na lebo iliyochapwa: jina la mgonjwa ambaye nyumba yake Wenceslao alikuwa hajaifikia, tarehe ya leo, na muda wa kutolewa damu. Saa mbili kamili.

Akainua ya pili. Saa mbili kamili. Ya tatu, ya nne.

"Hebu nieleze," alisema polepole, na upole huo ulimfanya Bi Ofelia azime redio. "Hii damu imetolewa saa mbili na nusu zilizopita. Iko wapi?"

Wenceslao alifuta sharubu. "Lebo huchapwa jioni, mkuu. Mimi nakabidhiwa tu."

"Na wewe unajua kusoma."

"Nilimwambia Daktari Fermín! Nilimwambia, kuna wagonjwa wa mapafu, wa figo, hao wana saa yao. Tuwe wawili, mmoja aende kaskazini. Akasema hospitali inataka kuona saa mbili, wakiona saa nyingine watatunyang'anya mkataba. Mimi mtu wa chini, mkuu. Ningefanya nini?"

"Usingeketi," alisema Hortensia.

Lilikuwa neno dogo. Wenceslao aliinamisha kichwa kana kwamba amepigwa kofi na mama yake.

Bi Ofelia alikuwa ameshika kibuyu cha mate, kimejaa, mvuke unapanda. Akakirudisha mezani. "Mate yangu?" alisema. "Inspekta, ni mate yangu ndiyo … Yesu wangu. Na mimi ndiye nilimwuliza, mbona mumeo anakufa."

Nélida alikuwa anaandika maelezo ya Wenceslao. Alimsomea kwa sauti, akamwekea kalamu mkononi. Wenceslao alisaini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano.

Daktari Fermín Echagüe aliwapokea ofisini, nyuma ya meza yenye kioo, ukutani vyeti vitatu na picha ya Bikira Maria. Shati limepigwa pasi. Pembeni yake chupa ya maji moto na kibuyu cha fedha.

"Inspekta Gareis! Na wewe mama, pole sana kwa mzee. Ketini. Ugonjwa huu ni msalaba."

Nélida aliweka chupa nne tupu juu ya kioo, moja moja, kila moja ndani ya mfuko wake wa ushahidi. Kila moja ililia tik.

"Hizi zilitolewa damu saa mbili," alisema. "Tafadhali nionyeshe damu."

Fermín alitabasamu nusu. "Ni utaratibu wa uchapaji tu. Saa kidogo mbele, saa kidogo nyuma. Mashine ni sahihi. Damu ni …"

"Damu ni nini?" aliuliza Nélida.

Tabasamu lilikufa.

"Malizia. Ulimwambia huyu mama kwenye simu. Damu ni nini?"

"Sikumbuki simu yoyote."

"Kampuni ya simu inakumbuka. Tarehe sita Machi, saa tatu na dakika kumi na mbili, dakika moja na nusu. Wamenisomea nikiwa njiani, na barua ya hakimu iko mezani kwao." Nélida aliegemeza mikono kwenye kioo. "Mwanamke huyu amekata mti wa baba yake kwa shoka kwa sababu karatasi ilimwambia. Hajaketi mezani na ndugu zake mwaka mzima. Amepitisha usiku akisikiliza pumzi ya mtu. Wewe uliyesomea damu, ulitakiwa kuandika saa. Saa tu! Umempimia mtu kidonge alichotoka kumeza, ukawaambia madaktari kimezidi, wakampunguzia, ukapima tena, wakampunguzia, mpaka mwili wake ukamla mapafu. Na aliyeitwa mwizi ni huyu."

"Usinipigie kelele ofisini kwangu."

"Sijaanza."

Alibonyeza simu, akaweka sauti ya nje. Daktari Irigoitia aliitika, nyuma yake viti vikiburutwa.

"Kamati imeanza kuketi, Inspekta. Nina dakika mbili."

"Niko na mwenye maabara. Ana la kukwambia. Nimeshakagua lebo, daftari, hesabu ya vidonge na maelezo ya mchukua damu. Picha zimeshafika kwenye simu yako. Sasa sikia kinywa chake." Akamtazama Fermín. "Sema. Au niyaseme mimi mbele ya waandishi wa habari."

Fermín alilamba midomo. "Sampuli za Pighín … muda ulioandikwa si muda halisi. Zilichukuliwa baadaye."

"Baada ya kidonge?" sauti ya Irigoitia ilikuwa imebadilika.

"Yawezekana."

"Ndiyo au hapana, bwana!"

"Ndiyo."

Halafu daktari akasema, "Mama Pighín yupo hapo?"

"Nipo," alisema Hortensia.

"Mama, yale maneno matatu niliyaandika mimi. Ninayafuta sasa hivi, na ninaandika jina langu kwamba nimeyafuta. Mapafu siwezi kukuahidi. Hali yake ni mbaya. Nakuahidi anaingia kwenye foleni kama mtu aliyemeza dawa zake zote. Kuna wengine wanaopimiwa maabara hiyo?"

"Tisa," alisema Nélida. "Nakutumia majina. Wapigie leo."

Irigoitia alikata. Nje saa ya kanisa ilipiga sita, na Nélida akafanya ishara ya msalaba bila kujificha.

Fermín alijikusanya. Alivuta chupa ya maji moto, akamimina kwenye kibuyu cha fedha, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Akakigeuza mrija ukamwelekea Hortensia, na kukisogeza juu ya meza.

"Kunywa, mama," alisema kwa sauti laini. "Sote ni binadamu, sote tunakosea. Tukae tuzungumze kama majirani. Hakuna haja ya mambo ya mahakama."

Hortensia alikipokea kwa mikono miwili. Alikishika kitambo, akiutazama ule mrija ambao midomo ya watu wangapi ilikuwa imepita. Kisha akakiweka kwenye kioo, kimejaa hadi juu, katikati ya zile chupa nne tupu. Akavuta barakoa juu ya pua, akachukua daftari lake, akatoka.